Uso Niliokuwa Nao Nikisikiliza

Binti mmoja niliyekuwa nikimsimamia kazini aliingia ofisini kwangu jioni moja, wenzake walipokuwa wakiondoka, akafunga mlango taratibu, akaweka bahasha mezani na kubaki amesimama. Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Nilimwomba aketi nikamwuliza kilichomsibu, kwa sababu katika watu wote niliokuwa nikifanya nao kazi yeye ndiye niliyemtegemea zaidi, na wiki chache tu kabla ya hapo nilikuwa nimemwandikia tathmini nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Alinijibu kwa adabu kwamba ameona hafai kwa kazi ile, na kwamba mimi mwenyewe nimekuwa nikimwonyesha hivyo tangu mwezi wake wa kwanza.

Nilishtuka, nikamwuliza ni lini nilimwambia neno baya. Akasema, “Hukuniambia neno baya hata siku moja, mkuu. Ni uso wako. Kila nikikuletea taarifa unakuwa hivi.” Nilimwomba anionyeshe. Alisita kidogo, akavuta karatasi iliyokuwa karibu naye, akaiinamia kama anayeisoma, kisha sura yake ikabadilika mbele ya macho yangu: ndita zikajikunja mpaka nyusi zikakaribia kugusana, midomo ikaingia ndani ikabanwa, pumzi ikatoka puani kwa nguvu, na kidole kimoja kikaanza kugonga ukingo wa meza. Bila kuinua macho akasema, “Sawa, iache hapo.” Maneno yalikuwa yangu, mgongo ule ulioinama ulikuwa wangu, na kile kidole kilichogonga meza kilikuwa changu pia. Hakuwa akinidhihaki. Alipoinua uso machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nilijitahidi kumweleza kwamba ule ndio uso ninaokuwa nao ninapofikiri kwa bidii, na kwamba taarifa zake zilinifikirisha kwa sababu zilikuwa na uzito ambao sikuuona katika kazi za wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, na barua akaiacha pale pale mezani. Ile tathmini alikuwa ameisoma, lakini aliichukulia kuwa ni uungwana wa kiofisi. Kati ya karatasi na uso, aliamini uso.

Sikuweza kumlaumu, na mpaka leo siwezi. Kila mmoja wetu anajua kwamba maneno huchaguliwa kabla ya kutoka kinywani, lakini uso tunaudhania kuwa hujitokea wenyewe, kwa hiyo viwili hivyo vikipingana tunaona uso ndio wenye ukweli. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Charles Darwin alilichunguza jambo hili hili la kukunja ndita, na mwaka 1872 aliandika kwamba mtu anaweza kuzama katika fikra nzito huku paji lake la uso likiwa laini kabisa, mpaka pale fikra zake zinapokutana na kikwazo; hapo ndipo ndita hujikunja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu. Nilikunja uso pale kazi ya yule binti ilipofika mahali pagumu na kunilazimisha nifikiri pamoja nayo. Bahati mbaya misuli inayofanya kazi hiyo ndiyo ileile inayokunja uso wa mwenye hasira, wa mwenye maumivu na wa mtu anayetazama upande wa jua. Mwenye uso anajua ni lipi kati ya hayo, lakini anayemtazama hajui, na kama anayemtazama ni mdogo wake kicheo, amesimama na kazi aliyoihangaikia kwa siku kadhaa, basi katika tafsiri zote zilizopo atachukua ile inayomwumiza.

Ninalisisitiza suala la cheo kwa sababu nililidharau kwa miaka mingi. Nilipokuwa mwajiriwa mpya nilimjua mkubwa wangu kwa namna anavyoshika kitasa cha mlango asubuhi; nilijua akiweka miwani mezani mazungumzo yamekwisha, na akiivuta juu ya pua kuna swali linakuja. Yeye, nina hakika, hakujua hata kidogo kwamba ninayasoma hayo. Nilipopanda cheo nilisahau kwamba sasa wapo watu wanaonisoma mimi kwa makini yaleyale, tena kila saa. Nilijiona mtu wa kawaida, mpole, asiyepaza sauti, na niliamini kwamba kwa kuwa sipazi sauti basi siwatishi watu.

Siku chache baada ya barua ile nilimwendea mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi pale kuliko sisi sote na ambaye hakuwa mtu wa kuogopa kusema. Nilimwuliza, “Mama, hivi mimi huwa nakunja uso?” Aliniangalia kwa muda kabla ya kujibu. “Mwanangu, hilo unaliuliza leo? Sisi wa siku nyingi tumekuzoea, tunajua hapo ndipo umetulia. Hawa wageni huulizana kwanza leo umeamkaje, ndipo wanakuja mlangoni kwako.” Nikamwuliza mbona hajaniambia miaka yote hiyo. Akasema alidhani ninajua.

Jibu lile liliniuma kuliko yote. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamejipanga kulizunguka jambo ambalo mimi peke yangu sikulijua, kila mmoja akiamini kwamba ninalijua na nimeamua kuwa hivyo. Kioo hakikuweza kunisaidia, kwa maana mtu akisimama mbele ya kioo huutengeneza uso kabla hajautazama. Uso tunaowapa wengine tukiwa tumezama katika shughuli zetu hatuuoni kabisa, isipokuwa pawepo mtu wa kutuonyesha au chombo cha kutunasa bila sisi kukikumbuka.

Chombo hicho kilikuwepo. Vikao vyetu vya kila wiki vilikuwa vikirekodiwa kwa video kwa ajili ya waliokuwa safarini. Niliomba video ya kikao kimoja cha dakika 40, nikajifungia, nikazima sauti na kuitazama yote mimi peke yangu. Ninawasihi wanaosoma haya wafanye vivyo hivyo wakipata nafasi, na wazime sauti, kwa sababu sauti ikiwepo mtu hujitetea kwa maneno aliyoyasema. Nilipokuwa nikizungumza sikuwa na kasoro kubwa: mabega yalikuwa juu, mikono ilikuwa wazi, macho yalizunguka kwa watu wote. Hilo lilichukua kama dakika sita. Katika dakika nyingine zote nilimwona mtu ambaye nisingependa kufanya kazi chini yake. Kiti alikuwa amekigeuza upande, magoti yake yanaelekea mlangoni, shavu limelalia ngumi, macho yako kwenye karatasi. Kijana mmoja alipokuwa akieleza wazo lake, yule mtu alichukua simu iliyokuwa mezani akaigeuza, uso juu, uso chini, uso juu tena, wala hakuiangalia. Ilikuwa inachezewa tu na vidole. Kila simu ilipogeuka macho ya kijana yalishuka kuitazama. Mara ya tatu alifunga daftari lake na kukaa kimya, na kwa namna alivyolifunga ilikuwa wazi kwamba hajamaliza.

Wazo la kijana yule nililikumbuka neno kwa neno. Nililipenda, na wiki iliyofuata niliagiza litekelezwe. Nilikuwa ninamsikiliza kweli. Lakini mwili wangu ulimwambia kwamba simsikilizi, na yeye akaondoka na jibu la mwili.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mafundisho mengi ya lugha ya mwili hayaligusi. Tunafundishwa namna ya kusimama tukihutubia, namna ya kuingia kwenye chumba cha usaili, namna ya kushikana mikono, yaani namna ya kuwa tunapojua kwamba tunatazamwa. Hukumu kubwa juu yetu, hata hivyo, inatolewa wakati tumenyamaza na zamu ni ya mwingine, maana ndio wakati mrefu zaidi, na ndio wakati tunapojisahau. Mwaka 1993 Nalini Ambady na Robert Rosenthal walichapisha utafiti ambamo watu waliwatazama walimu wa chuo kikuu katika vipande vya video visivyo na sauti, kila kimoja cha sekunde 10, kisha wakawapima. Na vipimo vyao vilikaribiana kwa kiasi cha kushangaza na tathmini za wanafunzi waliokuwa wamefundishwa na walimu hao muhula mzima. Nilipousoma utafiti huo niliikumbuka video yangu, nikajiuliza ni kipande kipi cha sekunde 10 ambacho yule binti alikuwa amepewa kila alipokuja.

Lakini kabla ya kufika kwenye uelewa huo nilipitia njia isiyofaa, na ninaieleza kwa sababu naona wengi wanapitia humohumo. Nilihudhuria mafunzo ya siku mbili. Mkufunzi aliandika ubaoni tarakimu tatu, 7, 38 na 55, akatuambia kwamba katika mawasiliano maneno ni asilimia 7 tu, sauti ni asilimia 38 na mwili ni asilimia 55. Niliziamini, nikazirudia kwa wengine. Miaka ilipita ndipo nikasoma zilikotoka. Zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian na wenzake yaliyochapishwa mwaka 1967, ambayo watu walisikilizishwa neno mojamoja lililotamkwa kwa sauti za hisia tofauti, au wakaonyeshwa picha za nyuso pamoja na neno, wakaulizwa kama msemaji anapendezwa au hapendezwi. Zilihusu hisia za kupenda na kutopenda pale maneno, sauti na uso vinapopingana, na Mehrabian mwenyewe amesema wazi kwamba haziwezi kuchukuliwa kuwa kanuni ya mawasiliano yote. Nilijisikia vibaya kwa kuzisambaza. Kama maneno yangekuwa asilimia 7, mtu angeweza kusikiliza hotuba ya lugha asiyoijua na kuelewa karibu kila kitu.

Mafunzo yaleyale yalitufundisha kusimama kwa kutanua miguu na kuweka mikono kiunoni kwa dakika mbili kabla ya kikao kigumu, ili mwili utoe homoni za ujasiri. Fundisho hilo lilitokana na utafiti wa mwaka 2010, lakini jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2015 halikuona badiliko hilo la homoni, na mwaka 2016 Dana Carney, aliyekuwa mwandishi wa kwanza wa utafiti wa awali, alitangaza kwamba haamini tena kuwa matokeo yale ni ya kweli. Ninamheshimu sana kwa hilo. Kwa upande wangu kusimama vile hakukunidhuru, ila kulinifanya niingie vikaoni nikiwaza mwili wangu, na mtu anayewaza mwili wake hana nafasi ya kumwaza aliye mbele yake.

Lililonidhuru ni fundisho la macho. Tuliambiwa anayemkazia macho mwenzake huonekana mkweli na makini, nami nikalitekeleza bila kipimo. Siku moja nilimwita mfanyakazi mmoja anieleze hesabu zilizokuwa na utata, nikamkazia macho bila kuyaondoa, nikidhani ninampa heshima niliyomnyima yule binti. Alianza vizuri, akayumba, akarudia sentensi, akasahau tarakimu alizokuwa amezikokotoa mwenyewe, mwishowe akaniuliza kama kuna kosa lolote amelifanya. Mtu anapotafuta jibu gumu akilini huondoa macho usoni pa anayemwuliza, kwa sababu uso wa mtu una habari nyingi na kuutazama kunachukua sehemu ya fikra zake. Watoto wa shule hufanya hivyo, na watu wazima pia. Mimi nilikuwa nimemziba njia ya kufikiri. Nilipoligundua hilo nilijifunza kumtazama mtu anapomaliza jambo, na kumwachia macho yangu yapumzike kwenye karatasi yake anapolitafuta jambo jingine.

Aliyenitoa kwenye njia hiyo ya kujipamba ni baba yangu mdogo. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo, mwendo unakuwa mzito, na pamoja na miguu na mikono misuli ya uso nayo hukakamaa. Mtu hupunguza kupepesa, tabasamu huchelewa kisha haliji kabisa, sauti inafifia. Baba mdogo alikuwa mcheshi, mtu ambaye ukumbi ulichangamka alipoingia, na katika miaka yake ya mwisho uso wake ukawa mkavu kama wa mtu aliyekasirishwa na kila kitu. Wageni waliokuja kumjulia hali waliaga mapema, wakidhani wamemchosha. Baadhi ya wajukuu waliacha kumsogelea.

Nakumbuka siku moja tulikuwa tumekaa wengi sebuleni, na mjukuu wake wa kiume, mtoto wa kama miaka tisa hivi, alikuwa akisimulia kisa kilichotuvunja mbavu. Katikati ya kicheko mtoto alimtazama babu yake, akauona ule uso, akakatisha. Chumba kizima kikanyamaza. Nilikuwa nimekaa kiti cha jirani, na niliona kidole gumba cha baba mdogo kikitikisika juu ya mkono wa kiti. Ilimchukua muda kuivuta sauti. Kisha akasema, taratibu, kila neno peke yake: “Nacheka. Endelea.” Mtoto akamtazama tena, akasogea karibu, akaendelea. Tangu siku ile lilikuwa ndilo neno lake. Tukisimulia jambo alisema “nacheka,” tukimletea habari njema alisema “nimefurahi,” na wajukuu walizoea kusubiri neno badala ya kuchungulia uso. Wakarudi kukaa miguuni pake.

Nilirudi kazini nikiwa na neno lile kichwani. Yeye hakuweza kuubadilisha uso wake, akachukua jukumu la kuwaambia watu kilichomo ndani. Mimi niliyekuwa na uso mzima, unaotii, sikuwahi kufanya hata hilo. Nikaanza kusema. Mtu akileta kazi na nikahisi ndita zinajikunja, ninamwambia hapohapo, “Nafikiri, sijakasirika. Hapa pamenivuta.” Mwanzoni lilikuwa jambo la ajabu, na mmoja wao aliniuliza kama ninaumwa. Baada ya muda niliona mabadiliko niliyoyatamani: watu walianza kukaa. Zamani walikuwa wanasimama, wanatua karatasi na kungoja kuruhusiwa kuondoka.

Nilibadilisha na vitu vingine, vidogo, ambavyo havihitaji kuigiza. Simu niliihamishia kwenye droo. Kiti cha mgeni, kilichokuwa ng’ambo ya meza, nilikileta kwenye pembe, ili tuitazame karatasi moja kwa pamoja. Nilijizoeza kugeuza mwili mzima, kuanzia magotini, kwa anayezungumza, kwa sababu nilikuwa nimeona katika video kwamba mtu anayegeuza shingo peke yake huonekana yuko njiani kuondoka. Na mtu akija na jambo zito sisimami tena nikimsikiliza. Nilivutiwa na utafiti mmoja wa hospitalini, uliochapishwa mwaka 2012, ambao uliwahusu wagonjwa waliotembelewa na daktari baada ya upasuaji: wale ambao daktari aliketi kando ya kitanda chao walidhani amekaa nao muda mrefu zaidi kuliko wale ambao alisimama, ilhali muda wenyewe haukuwa mrefu zaidi. Daktari hakuongeza dakika hata moja, ila alivuta kiti tu.

Laiti ningesema kwamba kuanzia hapo nilikuwa mtu wa haki. Lakini kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ulinichukua muda mrefu zaidi kuufikia: nilikuwa nimejifunza kuwa mwangalifu na mwili wangu, huku nikiendelea kuihukumu miili ya wengine bila woga wowote. Niliteuliwa kwenye jopo la usaili la watu watatu. Aliingia kijana aliyeketi kwenye ukingo wa kiti, mikono ameibana katikati ya magoti, macho chini, na majibu yake yalikuwa mafupi na ya sauti ndogo. Kabla hajamaliza jibu la kwanza nilikuwa nimeandika kwenye karatasi yangu, “Hajiamini.” Janine Willis na Alexander Todorov walionyesha mwaka 2006 kwamba watu hufikia hukumu juu ya uso wa mtu wasiyemjua katika sehemu ya kumi ya sekunde, na kwamba wakipewa muda zaidi hukumu haibadiliki sana, wanachoongeza ni kujiamini tu katika hukumu hiyo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Kila jibu lililofuata nililisikia kupitia neno nililokwisha kuliandika.

Mwenzangu katika jopo, dada mmoja mwenye subira kuliko mimi, alipendekeza wasailiwa wote wapewe kazi ya kuandika, kila mmoja peke yake, kwa saa moja. Kazi ya yule kijana ilikuwa mbele ya nyingine kwa umbali ambao hakuna aliyeweza kuubishia. Aliajiriwa. Miezi michache baadaye nilipita karibu na meza yake nikamkuta akimweleza mwenzake jambo, mikono yake ikichora hewani, uso umechangamka, sauti imejaa, nikasimama kwa muda nikimtazama. Mwili nilioupa alama za chini ulikuwa mwili wa mtu aliyewaogopa watu watatu wasiomjua, nami nilikuwa mmoja wao. Nilimfanyia jambo lile lile ambalo uso wangu ulimfanyia binti aliyeacha kazi, tofauti ikiwa kwamba safari hii mwenye kalamu nilikuwa mimi.

Tangu hapo siwaamini tena wanaojigamba kwamba wanaweza kumsoma mtu. Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya mwaka 2006 tafiti nyingi zilizowataka watu watambue nani anasema uongo na nani anasema kweli kwa kumtazama na kumsikiliza, wakakuta kwamba watu walipatia kwa asilimia 54 hivi, ambayo haiko mbali na kurusha sarafu. Kuna wenye usonji ambao kutazamana macho kwa macho kunawachosha au kunawaumiza. Kuna wenye uoni hafifu, wenye maumivu ya shingo au mgongo ambayo hawayasemi, wenye msiba ambao haujafika masikioni mwetu. Nilimjua mtu aliyeitwa mwenye majivuno kwa miaka, kumbe sikio lake moja halisikii na hakupenda kulitangaza, ndiyo maana hakugeuka alipoitwa kutoka upande ule.

Kwa hiyo nikiona jambo katika mwili wa mtu ambalo linanipa wasiwasi, sasa ninauliza. Simwulizi mbona umekunja mikono, kwa kuwa hilo litamfanya aikunjue na kubaki na jambo lake moyoni. Ninamwambia nilichokiona na kumwachia nafasi: nimeona umenyamaza tulipofika kwenye suala hili, je, kuna kitu tumekiruka? Mara nyingi jibu silo nililolitarajia. Mmoja aliniambia kwamba chumba kilikuwa na baridi.

Yule binti sijaonana naye tena. Nilimwandikia mara moja, nikamweleza bila kujitetea kile nilichokiona katika video, nikamshukuru kwa kunionyesha uso wangu kwa gharama ya kazi yake. Alinijibu kwa mistari miwili, ya heshima, akisema yuko salama mahali pengine na ameisoma barua yangu.

Wiki iliyopita msaidizi wangu wa sasa, ambaye bado ni mgeni, aliniletea rasimu ndefu muda wa kuondoka ukiwa umekaribia. Nilipofika ukurasa wa tatu nilihisi paji la uso likikaza na pumzi ikinitoka puani. Nikafungua kinywa kumwambia. Yeye alikwisha kuvuta kiti cha kwenye pembe, amekaa, akaweka mkoba wake sakafuni. “Unafikiri,” akasema, “soma tu, mkuu, nitasubiri.”